Chama chetu kinataka kupanda meli ya starehe Durban. Sisi ni wageni wa bahari, tuanzie wapi?

MwekaHazina_Donholm

Hamjambo wote. Sisi ni chama cha wanawake saba hapa Donholm. Tulianza watoto wakiwa nasari, sasa wengine ni mabibi. Miaka yote tumenunua sufuria, viti na hema za kukodisha. Mwaka juzi mwenyekiti wetu alisimama akasema, "Viti vimetosha, sasa tukakalie vya wengine." Tukaanza kuweka akiba. Mpango ni kupanda meli Durban, usiku nne, iende Msumbiji irudi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala juu ya maji. Kuna mmoja, nitamwita Mama B, ambaye hajavuka hata kivuko cha Likoni pale Mombasa. Tulipoenda Pwani alibaki upande wa mjini akishika mikoba yetu.

Bei ya kwenye bango inapendeza mpaka naogopa. Ndiyo hiyo hiyo utakayolipa? Tubebe nini? Na kutapika je? Aliyewahi kwenda aniambie ukweli. Mawakala msinifuate kwenye kisanduku, sijaomba nambari ya mtu.

Kamau_Mbishi

Hizo pesa pandeni treni ya Madaraka Express mwende ufukwe wa Diani wiki nzima. Mle samaki, mrudi na chenji. Meli ni gorofa linaloelea, unalipa ufungiwe ndani.

MwekaHazina_Donholm

Kamau, Diani tumeenda mara tatu. Mara ya tatu tumbili waliingia chumbani wakabeba mkate na dawa ya presha ya mwenyekiti. Tupishe.

Baharia_Mstaafu

Dada zangu, salaam. Mimi ni mtu wa Kisauni, siku hizi nakaa South B kwa mwanangu. Nimehudumu kwenye meli za abiria miaka kumi na mmoja, kwanza kutandika vitanda, baadaye mezani. Kuenda tezi na omo, marejeo ngamani. Nimerudi na magoti mabovu na hadithi nyingi.

Nianze na jambo ambalo naona hamjaliona. Nyinyi ni saba. Bei ya bango huwa ni ya mtu mmoja, lakini kwa hesabu ya watu wawili chumbani. Anayelala peke yake mara nyingi hulipia na kitanda kitupu, yaani karibu bei ya watu wawili. Kwa hiyo huyo wa saba atawavunjia bajeti, tena atakuwa na uchungu moyoni safari nzima. Ombeni vyumba viwili vya watu wawili na kimoja cha watatu. Mtu wa tatu chumbani kwa kawaida hutozwa kidogo kuliko wale wawili wa kwanza. Choo ni kimoja, na bafu lake ukiinama kuokota sabuni utafungua mlango kwa makalio. Chagueni wale wasiogombana.

Sasa bango. Juu ya bei hiyo ongezeni ushuru wa bandari kama haumo, bima, na bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi huikata kila siku kwa kila mtu bila kukuuliza. Kwenye meli za Kimarekani ni kama dola 15 hadi 20 kwa kichwa kwa siku. Msiione kuwa wizi. Mimi nimesomesha watoto kwa hiyo bahashishi, mshahara wenyewe ulikuwa mwembamba.

Halafu ndege. Nairobi hadi Johannesburg ni kama saa nne, kisha saa moja hivi hadi King Shaka, na kutoka hapo bado mna safari ya gari kuingia Durban. Fikeni siku moja kabla. Nawaomba sana. Meli haingojei ndege iliyochelewa. Nimesimama kwenye sitaha nikatazama familia nzima pale gatini na masanduku yao, sisi tayari kamba zimefunguliwa, mtoto wao mdogo akitupungia mkono akidhani ni mchezo.

Tiketi_MoiAvenue

Mimi nauza tiketi za ndege mjini, kwa hiyo niongeze habari ya karatasi.

Afrika Kusini ni rahisi kwetu. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaingia bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Ila cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitaulizwa, na wengi hukumbuka wakiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa JKIA. Sindano huhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo ukichomwa Jumatatu ukasafiri Ijumaa, cheti chako ni karatasi tu. Ukishachomwa mara moja inatosha maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Hilo lilibadilishwa 2016.

Kisha chukueni ratiba ya meli, muandike jina la kila bandari, muitumie kampuni ya meli barua pepe: "Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji nini hapa?" Jibu liwe la maandishi. Maneno ya simu hayakusaidii mbele ya kaunta. Majina kwenye tiketi yafanane na pasipoti herufi kwa herufi. Akina mama wa chama wana majina matatu ya ubatizo na mawili ya ndoa, nawajua.

Kevo_Roysambu

Wasee, huyo wa tiketi msikilizeni. Mimi niliumia.

Tulienda fungate na mke wangu, meli inaanzia Barcelona. Wakala mmoja hapa mjini, simtaji, alitufanyia viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ya kuingia mara moja. Tukafurahi, viza ni viza. Kufika bandarini, dada wa kaunta akaanza kuhesabu kwa kidole: Marseille, Genoa, Palermo, Tunis... akasimama Tunis. Tunisia si Schengen. Meli ikienda huko umetoka, ikirudi Barcelona unaingia mara ya pili, na viza yenu imeshaisha. Nikamwambia basi hatutashuka Tunis, tutabaki chumbani. Akasema meli ikitoka na wewe umetoka.

Tulikaa juu ya masanduku tukaiangalia ikiondoka. Bima wakasema karatasi ni jukumu la msafiri, hawalipi. Wiki nzima Barcelona tulikula mkate na zeituni. Mke wangu mpaka leo akiona zeituni kwenye piza anazitoa moja moja akinitazama.

Kwa hiyo mwenye ndoto ya Ulaya aombe viza ya kuingia mara nyingi, na aangalie kama meli inagusa Uturuki, Tunisia, Uingereza, popote nje ya Schengen.

MwekaHazina_Donholm

Pole sana Kevo. Nimechapisha maneno yako nikayasoma kwenye mkutano wa jana, Mama B akasema hizo ni dalili tusiende.

Maswali ya mkutano: (a) M-Pesa inafanya kazi kwenye meli? (b) Wanne wetu hawanywi pombe, tununue ile ofa ya vinywaji? (c) Mwenyekiti anataka kubeba birika lake la umeme, hawezi kunywa chai ya wazungu. (d) Mama B anauliza meli ikizama.

Nyar_Kisumo

(a) Sahau M-Pesa ukishapanda. Kwenye meli hakuna hata pesa taslimu mkononi. Unapewa kadi ndogo ambayo ni ufunguo wa chumba na ndiyo unayolipia kila kitu, kisha siku ya mwisho unaletewa hesabu. Kwenye hiyo kadi ndogo unasajili kadi yako ya benki. Beba ya plastiki yenyewe, na uwaambie benki kabla kuwa unasafiri. Meli huwa inazuia kiasi fulani kwenye akaunti kama dhamana, na ukiwa na kadi ya debiti hizo ni pesa zako halisi zimefungiwa. Nyingine huchukua siku kadhaa kurudi baada ya safari. Kama huna kadi, nyingi zitakubali uweke pesa taslimu kwenye dawati la mapokezi siku ya kwanza.

Na simu! Ikishaondoka bandarini, weka hali ya ndegeni. Meli ina mtandao wake wa setilaiti, simu yako itaushika yenyewe bila kukuuliza, na picha za WhatsApp zitakuwa zinashuka huku wewe umelala. Mimi nililipia picha za "habari ya asubuhi" za shangazi zangu kwa bei ya kondoo mzima. Ukitaka intaneti nunua kifurushi cha meli, au subiri nchi kavu.

Baharia_Mstaafu

(b) Msinunue. Maji, chai, kahawa na sharubati ya asubuhi kwenye bafe kwa kawaida mmeshazilipia. Soda na bia ni kando. Tena kampuni nyingi zina sharti kwamba mmoja akinunua ofa ya pombe, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Sasa mkimweka mnywaji mmoja na walokole wawili, mtajua wenyewe.

(c) Birika litachukuliwa mlangoni. Birika, pasi ya nguo, hita, waya wa ekstensheni, chochote chenye kuleta joto. Hawaibi, wataandika jina na kukurudishia siku ya mwisho. Melini moto unaogopwa kuliko mawimbi, maana pa kukimbilia hapana. Mwambie bibi abebe majani yake ya Kericho na tangawizi ya unga, aombe maji moto na maziwa moto. Akitabasamu vizuri jikoni watamchemshia pamoja. Na bebeni kichwa cha kubadilishia plagi, ile yetu ya pini tatu za mraba mara nyingi haiingii.

Dawa, pasipoti na nguo za kubadili zikae kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa linachukuliwa gatini na laweza kufika mlangoni kwako jioni.

(d) Hili sitalijibu kwa mzaha. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Walikufa watu 32. Waliopanda Civitavecchia jioni ile walikuwa hawajafanyiwa zoezi la dharura, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24. Nahodha aliiacha meli watu wakiwa bado ndani, akafungwa. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa: zoezi hufanywa kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka.

Sasa Mama B, nisikilize. Ukishapanda, kabla ya bafe, nenda mahali pa kukusanyikia pa chumba chako. Pameandikwa kwenye ile kadi na nyuma ya mlango. Tembea kwa miguu kutoka chumbani hadi hapo, mara mbili, uhesabu ngazi. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Nimeona watu wanalifanya zoezi lile huku wanapiga picha na glasi mkononi. Wewe usiwe hivyo. Mwenye hofu ndiye hujifunza njia, na mtu anayeijua njia hulala.

Baba_Mtarajiwa

Samahani nidandie uzi. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, tungependa kwenda mwezi ujao kabla mtoto hajaja.

Baharia_Mstaafu

Mwanangu, mmechelewa. Kampuni nyingi hazimpokei mama ambaye atafikisha wiki 24 kabla ya safari kwisha. Mngojeeni mtoto, na yeye mara nyingi hatapokelewa kabla ya miezi sita. Nendeni Diani na Kamau.

Kamau_Mbishi

😂 Karibuni. Lakini mzee, swali la kutapika umelikwepa.

Baharia_Mstaafu

Sijalikwepa, nilikuwa naswali.

Bahari inalevya, na hailevyi kwa umri wala kwa nguvu. Nimeona mnyanyua vyuma amelala sakafuni na ajuza wa miaka themanini anacheza rumba. Pale Durban kuna mkondo wa Agulhas, maji yanashuka kwa kasi kuelekea kusini-magharibi, na upepo ukivuma kinyume chake wimbi linasimama wima. Meli za sasa zina mapezi ubavuni ya kupunguza kuyumba. Yanapunguza, hayaondoi.

Chumba: chini, katikati. Meli ni kama pembea ya watoto, anayekaa kati hanyanyuliwi sana. Watu hulipa pesa nyingi kukaa juu kabisa, mbele omoni, kisha usiku wanalia. Vilevile angalieni ramani msiwe chini ya bafe wala juu ya ukumbi wa muziki. Utasikia viti vikiburutwa alfajiri.

Dawa ya kulewa bahari muulizeni mfamasia kabla ya kusafiri, hasa mwenye presha, maana nyingine zinaleta usingizi. Inamezwa kabla. Ukishaanza kutapika, kidonge kitatoka na chakula. Ukisikia kichefuchefu panda sitahani, tazama pale mbingu na maji vinapokutana, usitazame simu. Tumbo lisiwe tupu. Na nawa mikono kwa maji na sabuni kila unapokwenda kula; ile jeli ya mlangoni peke yake haiwawezi virusi vya kuharisha vya melini, na kijiko cha bafe kimeshikwa na watu elfu.

La mwisho. Msimu wa meli Durban, Novemba hadi Aprili hivi, ni huo huo msimu wa vimbunga katika Mlango wa Msumbiji. Nahodha akisema hatushuki, hamshuki, na mkataba unampa haki hiyo. Msiende kwa ajili ya kisiwa, nendeni kwa ajili ya meli. Kisiwa mkikipata ni nyongeza.

Tiketi_MoiAvenue

Na bima iseme wazi kwamba ni ya safari ya meli na inalipia kusafirishwa mgonjwa kutoka baharini. Zahanati ya meli inatoza kama hospitali binafsi, na kadi ya SHA, bima yetu ya afya ya serikali, pale ni kitambulisho tu.

MwekaHazina_Donholm

*(Februari)*

Tumerudi! Wote saba, hai. Niliahidi ripoti, mkae chini.

Tulilala Durban usiku mmoja kama alivyosema mzee, na ashukuriwe, maana ndege ya pili ilichelewa saa tano. Kituo cha bandari kinaitwa Nelson Mandela, kikubwa na kisafi. Birika la mwenyekiti lilikamatwa. Ndiyo, alilibeba. Alilifunga ndani ya leso akidhani mashine ya mwanga haioni leso. Likaandikwa jina, likapelekwa kwenye rafu yenye mabirika mengine kama thelathini, kwa hiyo hatuko peke yetu duniani.

Tulichukua vyumba vya ndani visivyo na dirisha. Rahisi, giza totoro. Siku ya kwanza sisi wa chumba cha watatu tuliamka saa nne na nusu asubuhi tukidhani bado ni usiku, kiamsha kinywa kimeondolewa. Ningerudi tena ningechukua hicho hicho, lakini ningeweka kengele. Na nimejua nani anakoroma kwenye chama. Sitasema hapa, yeye anajijua, mkopo wake wa Aprili nitaufikiria.

Chakula ni kingi mpaka kinachosha. Siku mbili za kwanza tulibeba sahani kama tunahama. Siku ya tatu mwenyekiti akauliza kama kuna sukuma. Chai alifanikiwa: kijana mmoja wa jikoni alimchemshia maziwa na majani pamoja, akawa anamwita "mama" mpaka mwisho. Bahashishi yake tulimpa mkononi, mbali na ile ya kukatwa.

Pomene, pwani ya Msumbiji, hatukushuka. Nahodha alitangaza asubuhi kwamba wimbi ni kubwa kwa mashua za kushushia watu. Kuna abiria walikwenda kupiga kelele kwenye dawati. Sisi tulikuwa tumeambiwa na mzee, tukaenda zetu kucheza karata. Kisiwa cha Wareno, kile karibu na Inhaca, tulishuka. Mchanga mweupe, maji ya uvuguvugu, akina mama wanauza leso na korosho. Nilitega saa yangu kwa saa ya meli na tukarudi saa nzima kabla ya mwisho. Mwenyekiti aliona aibu kuwa wa kwanza kwenye foleni, nikamwambia akumbuke yule mtoto aliyepunga mkono.

Usiku nne ni chache, niseme ukweli. Siku ya kwanza ni foleni, ya mwisho ni foleni, na masanduku lazima yawe nje ya mlango usiku wa mwisho, kwa hiyo mmoja wetu alifunga viatu vyake vyote akashuka Durban na slipa za bafuni. Hesabu ya mwisho ilitushtua kwenye picha. Wapiga picha wanakufuata kila mahali, hujui bei mpaka ukutani. Tulinunua moja, ya wote saba, imetundikwa kwangu. Kwa jumla, tiketi ya meli haikufika hata nusu ya tulichotumia. Ndege ndiyo iliyokula akiba.

Mama B. Alitembea ile njia mara nne. Alihesabu ngazi, ni hamsini na mbili. Siku ya zoezi alisimama mbele kama karani wa sensa, akawaonyesha wageni wengine pa kusimama. Usiku wa kurudi upepo ulivuma kweli, wanne wetu tulilala na mifuko ya karatasi mikononi. Yeye hakuguswa. Alikuwa sitahani na koti langu, akala kuku.

Jana ameniuliza nauli ya kivuko cha Likoni ni ngapi. Nimemwambia watembea kwa miguu hawalipi.

Kamau_Mbishi

Mkishavuka, Diani ni hapo mbele tu.